Juu ya Jina la Mashariki ya Kati

Jina la nchi moja mara nyingi hutokana na wenyeji wake au jirani zao. Lakini jina la eneo zima, lenye nchi nyingi ndani yake, aghalabu hutolewa na mtu aliye mbali. Jina la Kiingereza "Middle East", ambalo kwa Kiswahili limekuwa Mashariki ya Kati, ni la namna hiyo. Ni machache majina ya maeneo yanayosikika mara nyingi kama hili katika habari za dunia, na ni machache yanayotumiwa kwa uangalifu mdogo kama hili. Mwandishi atakaye kulitumia sawasawa hana budi kwanza kujua lilitoka wapi.

Waingereza wa karne ya 19 waliigawa Mashariki kwa kadiri ya umbali wake kutoka kwao. Nchi za dola ya Uturuki ziliitwa Mashariki ya Karibu. Uchina na Japani zikaitwa Mashariki ya Mbali. Baina ya hizo mbili ilibaki nafasi. Mwaka 1902 Alfred Thayer Mahan, ofisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, aliandika makala katika jarida moja la London juu ya Ghuba ya Uajemi, akaiita nafasi hiyo "Middle East". Mwaka uliofuata Valentine Chirol wa gazeti la The Times alitoa kitabu chenye jina hilo katika anwani yake, na shabaha yake ilikuwa ulinzi wa India. Basi jina hili halikuzaliwa kwa sababu ya lugha, wala kabila, wala mito na milima. Lilizaliwa kwa sababu ya njia ya kwendea India.

Kitu kilichopimwa kwa haja ya mpimaji hubadilika haja ikibadilika. Mwaka 1921 Winston Churchill aliunda idara ya Mashariki ya Kati katika Wizara ya Makoloni, nayo ilishughulika na Palestina na Iraki, nchi ambazo zamani zilikuwa katika ile Mashariki ya Karibu. Mwaka 1939 makao makuu ya majeshi ya Waingereza ya Mashariki ya Kati yaliwekwa Cairo, barani Afrika. Mwaka 1940 na sehemu kubwa ya 1941, majeshi yaliyokuwa Kenya kwa vita na Wataliani yalikuwa chini ya makao hayo. Kwa hesabu ya wakuu wa vita, askari aliyekuwa Nairobi alikuwa katika Mashariki ya Kati. Mwaka 1957 John Foster Dulles, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alilieleza eneo hilo kuwa ni kutoka Libya hadi Pakistani, na kutoka Uturuki hadi Bara Arabu, pamoja na Sudani na Uhabeshi. Leo ni wachache wanaoitia Pakistani au Uhabeshi humo.

Kutokana na historia hii huonekana makosa mawili makubwa ya watumiaji. La kwanza ni kulifanya jina la eneo kuwa jina la taifa au la dini. Neno "Middle Eastern" hutumiwa mara nyingi kana kwamba maana yake ni Mwarabu, na Mwarabu kana kwamba ni Mwislamu. Waturuki na Waajemi si Waarabu; Wakopti wa Misri na Wamaroni wa Lebanoni si Waislamu; na Indonesia, yenye Waislamu wengi kuliko nchi yoyote, haimo kabisa katika eneo hili. Mfasiri aonaye neno hilo akaandika "Mwarabu" huenda akambadilisha mtu taifa lake bila kujua.

Kosa la pili ni kudhani kwamba Mashariki ya Karibu ni mahali pengine. Jina hilo la zamani lingali hai: wachimbuzi wa mambo ya kale hulitumia, wizara ya mambo ya nje ya Marekani inayo idara iitwayo hivyo, na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Palestina, lililoanzishwa mwaka 1949, limelibeba katika jina lake. Ardhi kwa sehemu kubwa ni ile ile. Desturi za ofisi ndizo mbalimbali.

Kwa Kiswahili shida ni kubwa zaidi, maana jina limefasiriwa neno kwa neno, lakini msemaji hayuko London. Makka iko karibu kaskazini halisi ya Unguja, na ndiyo sababu neno kibla huku pwani limepata pia maana ya kaskazini. Yerusalemu na Cairo ziko kaskazini kwa kuelekea magharibi. Maskati na nchi za Ghuba ziko kaskazini-mashariki, utokako upepo wa kaskazi. Mabaharia na wafanyabiashara wa pwani walizijua nchi hizo kwa majina yao: Manga, Shihiri, Hijazi, Sham, Uajemi. Pilipili manga ingali ushahidi jikoni.

Yuko atakayejibu kwamba Waarabu wenyewe wamelikubali jina hili, na kwamba gazeti lao mashuhuri lililoanzishwa London mwaka 1978 linaitwa hivyo kwa Kiarabu. Jibu hilo ni la haki. Jina lililokwisha enea halifutwi kwa amri. Hata hivyo serikali ya India husema Asia ya Magharibi, na Umoja wa Mataifa katika baadhi ya kazi zake husema vivyo hivyo. Kwa hiyo hapana sharti la kulifuata jina moja daima.

Kanuni iliyo salama ni hii. Panapozungumzwa siasa ya eneo zima, Mashariki ya Kati na itumike, mradi mwandishi ataje ni nchi zipi azikusudiazo. Panapozungumzwa vita vya Yemeni, itajwe Yemeni. Panapozungumzwa mashairi ya Uajemi, utajwe Uajemi. Msomaji wa Lamu au Tanga, ambaye babu zake walifika Maskati kwa jahazi, hastahili kuelekezwa huko kwa dira ya London.