Nipe Mji: Haki ya Msomaji katika Riwaya ya Upelelezi

Katika kutegana vitendawili, hadhira iliyoshindwa kufumbua hudaiwa mji. "Nipe mji," husema mtegaji. Hupewa Handeni, akiukataa, hupewa Korogwe. Akisharidhika, husimulia alivyofika huko, akala, akanywa, ndipo hurudi na jibu. Mchezo huu una sharti lisiloandikwa: jibu likitajwa, walioshindwa wakiri kuwa lilikuwa mbele ya macho yao. Wasipokiri, mtegaji amekula mji wa watu kwa dhuluma.

Sharti hilo ndilo mizani ya riwaya ya upelelezi. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kiingereza, alitoa amri 10 za utanzu huo. Ya pili iliharamisha nguvu za mizimu na miujiza. Ya nane ilimkataza mpelelezi kumficha msomaji dalili aliyoiona. Kwa aliyelelewa na vitendawili, amri hizo si ngeni.

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda tuzo ya kwanza ya mashindano ya uandishi ya 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Jina lenyewe ni mtego. Maiti ya Bwana Ali, tajiri mwenye mashamba, yakutwa mzimuni, na hofu ya watu yatangulia kutoa hukumu. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, ndiye anayekataa kuuhukumu mzimu kabla ya kumtafuta mtu.

Riwaya hii ingefaa sana kusomwa na makundi ya wasomaji wa Handeni na Korogwe, wilaya jirani za mkoa wa Tanga. Handeni, nchi ya Wazigua, imezoea kusemwa na watu wa mbali kuwa ni makao ya uganga. Msomaji wa huko anajua jinsi sifa inavyokaa mahali pa ushahidi. Korogwe, kando ya mto Pangani, imeishi na mashamba ya mkonge; msomaji wa huko anajua kuwa penye shamba kubwa hapakosi wenye kinyongo, wala wenye kutazamia urithi. Wa kwanza ataiuliza riwaya: dalili iko wapi? Wa pili atauliza: sababu hii inamtosha nani? Maswali yote mawili ni ya lazima, kwani mwenye sababu si lazima awe mwenye kosa.

Je, Abdulla ni mtegaji mwadilifu? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Ufunguo aupendao katika riwaya zake ni nasaba iliyofichika, na huo ni ufunguo wa haki kwa msomaji wa pwani, aliyezoea kusikiliza majina na kuuliza ukoo. Lakini Bwana Msa ana tabia ya kuiweka fikira yake nyuma ya moshi wa kiko, na Najum, sahibu yake, hubaki akiuliza yale ambayo msomaji angeyauliza. Kuficha fikira ni haki ya mpelelezi. Kuficha alichokiona ni kula mji bure. Kila inapotokea siri ya kale ikasimuliwa mwishoni bila kupandwa mwanzoni, hapo msomaji anayo haki ya kulalamika.

Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona (1974), hapimwi kwa mizani hii hasa. Huko raha ni ya mbio na hatari kuliko ya kufumbua.

Kundi la wasomaji na lifunge kitabu kabla ya sura ya mwisho. Kila mmoja amtaje anayemshuku, sababu yake, na ukurasa unaomshuhudia. Asiye na ukurasa, anyamaze.

Zoezi hilo si la burudani tu. Usukumani, wanawake vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na wekundu wa macho yao, ambao aghalabu ni kazi ya moshi wa jikoni, ukahesabiwa kuwa dalili. Hapo palikuwa na hofu, palikuwa na hukumu. Hapakuwa na ukurasa. Aliyejifunza kwa Bwana Msa kutoupa mzimu kosa la mtu, huenda akajifunza pia kutompa bibi kizee kosa la maradhi.