Mzigo Usiokaa Kitako

Saruji ikishafunikwa turubai na kukazwa kamba, imekubali safari: itakaa hapo hapo mpaka Tunduma. Mafuta hayafungiki kamba. Lori likipanda mlima yanarudi nyuma, likifunga breki yanakimbilia mbele, likikata kona yanalalia upande uleule unaotaka kulipindua. Kwa hiyo dereva aliyezoea mabati na saruji, hata awe mkongwe kiasi gani, akihamia kwenye tangi anakuwa mwanafunzi tena. Gari analijua, kilichobaki ni kujifunza kuyatuliza mafuta.

Mama aliyejitwisha ndoo huweka jani juu ya maji ili yasimrukie. Watengenezaji wa matangi nao wana jani lao: tangi hugawanywa vyumba, na ndani yake huwekwa kuta zenye matundu ya kulivunja wimbi. Lakini kuta hizo hupunguza wimbi la mbele na nyuma tu. La ubavuni ni juu ya dereva. Tangi la maziwa mara nyingi halina kuta hizo kabisa, kwani kila pembe ya ndani ni mahali pa uchafu kujificha. Na tangi lililojaa nusu ndilo korofi zaidi. Mgeni huliona jepesi akaongeza mwendo, kumbe mafuta yamepata uwanja wa kukimbilia.

Mtazame dereva fundi anavyosimama kwenye taa. Mguu anauondoa kwenye pedali ya mafuta akiwa bado mbali kabisa, taa ikiwa kijani, kwa sababu kijani iliyokaa muda mrefu haichelewi kugeuka. Breki anaikanyaga kwa upole, bila kuiachia na kuirudia. Lori linasimama. Hapo ungedhani kazi imekwisha, lakini mguu hautoki, maana mafuta bado yako njiani. Yanafika, yanagonga ukuta wa mbele, kichwa cha lori kinasukumwa kidogo, kisha yanarudi nyuma na kuja tena kwa nguvu iliyopungua. Dereva mpya aliyefunga breki ghafla na kuiachia mapema hujikuta katikati ya makutano, akishangaa nani kamsukuma. Abiria wa fundi hata hajui kama kulikuwa na wimbi, na ndiyo maana sijawahi kusikia madereva hawa wakipigiwa makofi.

Mengine hufanyika kabla gari halijawashwa, kwenye maghala ya Kurasini na Kigamboni. Tangi halijazwi hadi mdomoni: lita 40,000 za petroli zikiongezewa joto la nyuzi 10 hutanuka kwa lita 400 hivi, na lazima zipate pa kukaa. Waya wa ethi unabanwa kwanza, hosi baadaye, kwa sababu mafuta yanapopita bombani huzalisha umeme, na cheche moja inatosha. Lita ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli, hivyo ujazo uleule unaweza kupita salama leo na kesho ukakwama mizani ya Vigwaza. Mizani haina habari na lita.

Halafu kuna milima. Kitonga ukiwa na mzigo unaupanda, na huko subira inatosha. Kazi iko kwenye mteremko wa Iwambi, ukitoka Mbeya kwenda Mbalizi. Gia huchaguliwa juu, kabla ya kuanza kushuka, na injini ndiyo inayolishika lori. Anayeitegemea breki peke yake ataipasha moto hadi isishike, na wakati huo kurudisha gia ya chini ni ndoto.

Njia hii ya Dar es Salaam hadi Tunduma ina historia yake. Mwaka 1965 serikali ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru kule Rhodesia, njia ya mafuta ya Zambia ilikatika, na malori yakaanza kuyasomba kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya vumbi na tope, hadi bomba la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968. Bomba tumelisifu, mkataba wake tumeuweka kwenye kumbukumbu. Waliotangulia kupita na mapipa kwenye utelezi ule wametajwa kidogo mno.

Tunamkumbuka dereva siku ya ajali tu. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka na takriban watu 100 wakafa. Lori la mafuta likianguka, kimbia mbali nalo, upande ambao upepo unatokea.

Na siku za kawaida, ukiliona lori la mafuta limeacha nafasi kubwa mbele yake, usichomekee hapo na bodaboda au gari lako dogo. Dereva hakusinzia. Nafasi ile ndiyo breki yake, na ukiichukua wewe hana nyingine.