Jembe, Nyumba na Debe

Nimekuwa nikipiga kura tangu mwaka 1980, na mara nyingi nimetoka kituoni hapa Ipinda nikijiuliza kama kweli nilichagua mtu au niliitikia tu.

Enzi za chama kimoja tuliletewa wagombea ubunge wawili, mmoja mwenye alama ya jembe, mwingine nyumba. Chama kilikwisha kuwachuja kabla hawajatufikia, na mgombea urais alikuwa mmoja tu, wa ndiyo au hapana. Hayo siyasifu hata kidogo. Lakini wale wawili walikuja pamoja, katika mkutano mmoja, na ilikuwa marufuku mtu kufanya kampeni yake binafsi. Mkulima alisimama, akauliza swali moja, akajibiwa mara mbili. Aliyebabaika alionekana na wote.

Tarehe 29 Oktoba 1995 tulipewa karatasi yenye wagombea urais wanne: Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo. Nilifurahi kama mtoto. Mkapa alipata karibu asilimia 62, Mrema karibu 28. Ila mikutano nayo iligawanyika: leo bendera hii, kesho ile, kila mmoja akihutubia watu waliokwisha kumkubali. Anayeuliza swali akaanza kutazamwa kama mpinzani aliyetumwa.

Kisha mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ikarekebishwa, ikasema kwamba kinachotolewa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa kimila si rushwa. Watu wakakiita takrima. Mimi nalalamikia hata jina. Kwetu Unyakyusani mwenyeji ndiye humkirimu mgeni. Hapa mgeni alikuja na sufuria zake akatulisha sisi wenyeji uani kwetu, tukamshukuru.

Nami nilikula. Ilikuwa kampeni moja ya miaka hiyo, mgombea simtaji. Nilikuwa na swali juu ya debe. Mnunuzi wa mpunga huja na debe lake, limegongwa nyundo mpaka limetanuka, na hapo hupimi mpunga, unamwagia shimo. Nilimwahidi jirani yangu, mama mjane mwenye kijaruba kimoja, kwamba nitaliuliza mbele ya watu. Likaja pilau, la mchele wetu wenyewe wa Kyela. Muda wa maswali ulipofika nilikuwa na sahani mkononi. Utamwulizaje mtu kwa ukali huku unatafuna nyama yake? Mama yule akanitazama, akasema, “Baba, swali umelimeza?”

Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vya takrima, na ilifanya vyema. Lakini mchujo umebaki kule kule ndani ya vyama. Juni 2013 Mahakama ya Afrika, pale Arusha, ilisema katika shauri la Mchungaji Mtikila kwamba kuwazuia wagombea binafsi kunavunja haki za raia. Hata leo huwezi kugombea ubunge bila chama. Kwa hiyo ninayemchagua nimeshachaguliwa, kama enzi za jembe na nyumba, tofauti ni kwamba sasa hawaji pamoja nikawalinganisha.

Yule wa pilau nilimpa kura. Msimu uliofuata mama yule na mimi tuliuza mpunga wetu kwa mnunuzi yule yule, kwa debe lile lile.