Ollantaytambo: Shuka Hapa, Usipite!

Niseme mapema, maana huku kwenye milima ya Andes pumzi ni mali: ukifika Peru, usiifanye Ollantaytambo kituo cha kupandia treni tu. Shuka na begi lako, tafuta chumba, ulale! Wageni wengi sana wa Machu Picchu hupita hapa wakikimbilia behewa, na sijui wanawezaje.

Anza na mlima wa matuta. Wainka waliukata ubavu wake ukawa ngazi kubwa za kilimo, kila tuta limeshikiliwa na ukuta wa mawe, nawe unapanda huku moyo ukidunda mpaka masikioni. Juu kabisa unakutana na mawe sita. Sita tu, na yanatosha kukunyamazisha! Ni mabamba ya mwamba wa rangi ya waridi, yamesimama bega kwa bega, marefu kuliko mtu yeyote uliyewahi kumwona, na katikati yake vimepachikwa vipande vyembamba vya jiwe. Nilisogeza uso karibu kutafuta chokaa. Hakuna chokaa!

Sasa geuka, utazame ng'ambo ya mto Urubamba. Machimbo ya mawe hayo sita yako kule, Kachiqata, juu kwenye mlima mwingine, umbali wa kilomita kama 5. Mawe haya yaliteremshwa hadi bondeni, yakavushwa mto, kisha yakapandishwa huku nilikosimama nikihema na begi dogo la mgongoni. Waliofanya hivyo hawakuwa na mkokoteni, hawakuwa na zana za chuma, wala ng'ombe wa kukokota. Llama hubeba mzigo mwepesi tu. Ilikuwa kamba na nguvu za watu wengi waliopangwa vizuri. Mengine hayakufika. Yamelala njiani hadi leo, na watu huyaita mawe yaliyochoka.

Hapa hapa, mwaka 1537, Manco Inca, mtawala wa Wainka, aliwashinda wavamizi wa Kihispania walioongozwa na Hernando Pizarro. Wapiganaji wake walishambulia kutoka juu ya matuta, na uwanda wa chini ukafurikishwa maji ili farasi wakwame. Unapoliona bonde kutoka juu, huhitaji kuelezwa zaidi.

Lakini kilichoniteka hasa ni mji wenyewe, kwa sababu unaishi! Vichochoro ni vilevile vya Wainka, vimenyooka, na maji ya mlimani yanakimbia kando yake ndani ya mifereji ya mawe. Unalala ukiyasikia. Milango mipana chini na myembamba juu inafunguka kwenye nyua za kale, na humo ndani kuna familia, kuna kuku, kuna nguo zimeanikwa, kuna Kiquechua kinazungumzwa. Ukiona mti umechomoza nje ya nyumba, umefungwa kitambaa au mfuko mwekundu, ingia: humo inauzwa chicha, pombe ya kimea cha mahindi, na ile yangu ilikuwa chachu, nzito na tamu ajabu.

Machu Picchu? Ni nzuri mno, nenda. Nenda pia Moray ukaone matuta ya duara yaliyozama ardhini, na Maras, ambako chemchemi ya maji ya chumvi hugawiwa kwenye maelfu ya vidimbwi vya kuvunia chumvi, na familia za hapo zinaendelea kuvuna. Kote huko nilifurahi. Ollantaytambo tu ndiko nilikokataa kuondoka.

Tena kuna faida ya kifua. Cusco, mji utakaotua kwa ndege, iko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro ajue kwamba ukitua pale umekaribia kambi ya Horombo bila kutembea hata hatua moja. Ollantaytambo iko chini ya mita 2,800. Basi ukitoka uwanja wa ndege teremka moja kwa moja huku, unywe chai ya majani ya koka, mwili uzoee, ndipo urudi Cusco.

Na asubuhi panda Pinkuylluna, mlima unaokabili ule wa matuta. Njia ni kali, shika ukuta. Huko ndiko Wainka walikojenga maghala, juu kwenye upepo na baridi ili chakula kisioze: nafaka ilimiminwa kupitia madirisha ya upande wa juu, ikatolewa kwa yale ya chini. Kutoka hapo utauona mji wote, matuta yote, na treni ikiondoka bila wewe!