Nipe Mji: Kumtambua Mtu Mashuhuri na Swali la Kwetu

Kitendawili cha Kiswahili hutegwa juu ya vitu. Jibu lake ni yai, kivuli, ulimi au nyota. Vitu ambavyo kila aliyeketi barazani amekwisha kuviona, na ugumu wake wote umo katika namna ya kuvisema. Mchezo wa kumtambua mtu mashuhuri, ambao marafiki huucheza mtandaoni kwa simu ya video au katika makundi ya WhatsApp, umesimama juu ya msingi mwingine. Mtegaji humficha mtu moyoni. Wenzake huuliza maswali yanayojibika kwa ndiyo au hapana. Maswali yakifika ishirini jina halijatajwa, mtegaji ameshinda. Hapa hakuna lugha ya fumbo. Ugumu umo katika swali ambalo kitendawili hakikuwa na haja nalo: je, wote waliopo wanamjua mtu huyo?

Asili ya mchezo si ya pwani. Redio ya BBC ilianza kurusha maswali ishirini mwaka 1947, ingawa huko kilichofichwa aghalabu kilikuwa kitu, na mwaka 2007 kampuni ya Kifaransa ya Elokence ikaweka mtandaoni programu ya Akinator, ambamo jini mwenye kilemba hujaribu kumtambua mtu aliyefichwa na mchezaji. Hesabu yake inashangaza kidogo: maswali ishirini ya ndiyo au hapana, yakiulizwa kwa ustadi, yanatosha kumtenga mtu mmoja miongoni mwa 1,048,576. Ni rahisi kwa mhakiki wa fasihi simulizi kuupita mchezo kama huo akiuona ni upuuzi wa jioni. Ukichezwa kwa Kiswahili, hata hivyo, unapata tabia ambazo haukuwa nazo ulikotoka.

Kwa sura yake, mchezo ni wasifu uliogeuzwa. Katika *Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert, jina linatangulia na maisha yanafuata. Katika mchezo maisha hutangulia, tena vipande vipande, na jina huja mwisho likiwa limebeba kila kilichokubaliwa na kila kilichokataliwa njiani. Siti mwenyewe ni mtu mwema kwa mtegaji: alizaliwa Fumba mwaka 1880, akarekodi santuri Bombay mwaka 1928, akafariki mwaka 1950, kila swali lina jibu lake. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, huuvuruga mchezo mara tu mtu anapouliza kama alizaliwa kabla ya mwaka fulani, maana tarehe hiyo haikuandikwa popote.

Sarufi nayo humlinda mtegaji. Kiingereza humfichua mtu jinsia yake mara mchezaji anapofungua kinywa kumtaja kwa kiwakilishi. Kiswahili hakifanyi hivyo. "Aliandika", "aliimba", "alikimbia" ni vazi linalowafaa wote, na wachezaji waweza kumaliza maswali sita bila kujua kama wanamtafuta mwanamume au mwanamke. Mlango mmoja tu uko wazi, nao ni ndoa. Anayeuliza "alioa?" akajibiwa ndiyo amepata mambo mawili kwa swali moja, akijibiwa hapana amebaki gizani, asijue kama mbele yake yuko mwanamke au mwanamume aliyeishi bila mke. Vyeo ni hatari zaidi. Neno "Mwalimu" likimteleza mtegaji, mchezo umekwisha.

Lakini sarufi iyo hiyo inayomfichia mtegaji jinsia humnasa kwa neno jingine, na hapo ndipo penye uzito. Mapema sana katika kikao atatokea mtu wa kuuliza: "Ni wa kwetu?" Kiswahili hakitofautishi "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" inayomwacha nje. Barazani jambo hilo halimsumbui mtu, kwa kuwa waliopo wametoka mtaa mmoja. Mtandaoni hali ni nyingine. Ichukuliwe meza ya marafiki watatu: mmoja yuko Mombasa, wa pili Maskati, na wa tatu Washwood Heath, mtaa ulio mashariki ya Birmingham, ambako Kiurdu, Kipunjabi na Kisomali husikika barabarani, na ambako kwa msemaji wa Kiswahili lugha yake huishi zaidi ndani ya nyumba na ndani ya simu. Majira ya baridi, saa mbili usiku ya Washwood Heath ni saa tano Mombasa na saa sita Maskati, hivyo anayeuliza kwa bidii huenda ni yule tu ambaye hajaanza kusinzia.

Mtegaji, tuseme, ni yule wa Mombasa, na amemficha mwanamume aliyezaliwa Unguja katika miaka ya 1940, akahamia Uingereza katika muongo wa Mapinduzi, akapata sifa ya dunia nzima kwa kazi aliyoifanya kwa Kiingereza. Maswali kadhaa yamejibiwa ndiyo, na bado watu wawili wamebaki: Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa mwaka 1948, na Farrokh Bulsara, aliyezaliwa mwaka 1946, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Freddie Mercury. Inastaajabisha jinsi mchezo unavyowaweka bega kwa bega watu wawili ambao hakuna historia ya fasihi wala ya muziki ambayo ingewaweka sura moja. "Yu hai?" lingetosha kuwatenga. Badala yake rafiki wa Washwood Heath anauliza kama mtu huyo ni wa kwetu, na mtegaji, ambaye kazi yake ni kujibu tu, anajikuta akiuliza: "Kwenu wapi?"

Kusita huko si udhaifu wa mchezaji. Ikiwa mtu aliyefichwa ni Mercury, ndiyo na hapana zote zina mashahidi. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka Bara Hindi. Yeye alizaliwa Mji Mkongwe, akasomea India, akarejea, na familia ikaondoka mwaka 1964. Mwaka 2006 mpango wa kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa ulipingwa hadharani Unguja hadi ukafutwa. Mwaka 2019 makumbusho yenye jina lake yakafunguliwa Mji Mkongwe huohuo. Ikiwa ni Gurnah, mzozo ni wa namna nyingine. Alipotunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka 2021, Watanzania walibishana kwa siku nyingi kama ushindi huo ni wao, na ubishi ukaishia mahali ambapo aghalabu huishia, yaani kwenye sheria isiyoruhusu uraia pacha. Hata swali linaloonekana jepesi, "ameandika kwa Kiswahili?", lilikuwa na jibu moja hadi mwaka 2022, Ida Hadjivayanis alipoitafsiri *Paradise* kuwa *Peponi*. Tangu hapo hapana hiyo hutamkwa kwa sauti ya chini.

Tena rafiki wa Washwood Heath ana madai mawili juu ya mtu yuleyule. Akisema "kwetu" kwa maana ya pwani, Mercury ni jirani wa babu zake. Akisema "kwetu" kwa maana ya nchi anayolipia kodi, Mercury ni mwananchi mwenzake tangu utotoni mwake. Yule wa Mombasa ana dai moja tu, nalo analishikilia kwa mashaka. Huenda hii ndiyo sababu swali la uwenzetu, likitoka ughaibuni, husikika nyumbani kama kujitanua kidogo.

Jini wa Akinator hana tatizo hili, na ndiyo maana kumshinda au kushindwa naye hakuachi kitu. Amepewa majibu matano badala ya mawili, yakiwemo ya kusema "labda" na "sijui", na hujifunza kwa majibu ya waliocheza kabla. Hiyo ni busara ya takwimu. "Labda" yake ni kipimo cha wingi wa waliojibu. "Labda" ya rafiki ni hukumu inayoweza kumuudhi mtu aliye upande wa pili wa skrini.

Yupo mtu mmoja mashuhuri ambaye meza hiyo ya watatu ingeweza kumkubali bila kuulizana "wapi". Malcolm X alihiji Makka mwaka 1964, na Oktoba ya mwaka huo alikuwa Dar es Salaam na Nairobi. Tarehe 12 Februari 1965, siku tisa kabla ya kuuawa, alitembea katika mtaa wa Marshall Street huko Smethwick, mji uliopakana na Birmingham kwa upande wa magharibi, ambako wakazi weupe walikuwa wakitaka nyumba zisiuzwe kwa watu weusi na Waasia. Swali "anatoka kwetu?" linamtoa nje mara moja. Swali "aliwahi kufika kwetu?" lina ndiyo Afrika Mashariki, ndiyo katika Bara Arabu, na ndiyo Birmingham, ikiwa mtegaji si mkali sana wa mipaka. Kitenzi cha kutoka kimewatenga marafiki. Kitenzi cha kufika kimewaweka meza moja. Mchezaji mjuzi hulitambua jambo hili mapema na kulitumia.

Kitendawili kilikuwa kimelijua siku nyingi. Aliyeshindwa kutegua hatajiwi jibu bure. Huambiwa "nipe mji", naye hutoa mji, na mtegaji huupokea au huukataa mpaka apewe unaomridhisha. Akisharidhika husema amekwenda mji huo, hueleza alivyopokewa huko, ndipo hulitaja jibu. Wachezaji wa mtandaoni wangefanya vyema kuirudisha kanuni hii, kwa kuwa katika mchezo wa sasa aliyeshindwa hupewa jina kama risiti. Rafiki wa Birmingham akiombwa mji, ulimi wake utakimbilia Mombasa au Unguja au Makka, miji ambayo hakuna mtegaji wa kuikataa. Ugumu, na utamu, ungekuwa akitoa Washwood Heath. Mtegaji wa Mombasa angelazimika kufunga safari: apite palipokuwa na kiwanda cha treni za Pendolino, kilichofungwa mwaka 2005, na palipokuwa na kiwanda cha magari ya LDV, kilichosimamisha uzalishaji mwaka 2008, afuate Washwood Heath Road hadi bustani ya Ward End, aseme amekaribishwa nyumba gani na amekula nini. Na kama hajui la kusema juu ya mji huo, amwulize mwenyeji wake, ambaye kwa wakati huo ni saa tatu tu usiku na bado yuko macho.