Jani la Mkonge na Ufundi wa Kupanga Maarifa

Chukua jani moja la mkonge kutoka shamba la Muheza, kisha ufungue Protégé na kuieleza kompyuta jani hilo ni nini. Protégé ni programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1980, kwa kazi ya Mark Musen. Ndani yake unataja aina za vitu na mahusiano yao, na kompyuta inatoa hitimisho.

Mwanzo ni mwepesi. Mkonge ni mmea. Jani ni sehemu ya mmea, si aina ya mmea. Hapo wengi hujikwaa. Jani likipita kwenye korona, mashine ya kuchambua mkonge, hutoka singa, yaani nyuzi, takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Nyama na maji yanayobaki, yaite taka.

Fundi mzuri husita papo hapo, kwa sababu Hale, wilayani Korogwe, mabaki hayohayo yamezalisha gesi na umeme. Ukiwa umeandika kwamba taka na malighafi hazichangamani, kisha ukayaweka mabaki ya korona chini ya zote mbili, kikaguzi cha mantiki kiitwacho HermiT kitaligeuza jina lao kuwa jekundu: kitu cha namna hiyo hakiwezi kuwapo. Nacho kipo, marundo kwa marundo.

Mwenye haraka atafuta kanuni, wekundu uondoke. Ninayemheshimu ni yule anayerudi nyuma na kuuliza kama taka ni aina ya kitu hata kidogo. Si aina. Ni nafasi ambayo mabaki huishika mbele ya mtu fulani, kwa muda fulani. Mwenye mtambo wa gesi akifika, nafasi inabadilika na mabaki ni yaleyale. Kwa hiyo anavunja alichojenga, anaunda kundi la nafasi, anaunganisha upya kila kitu na kukiita kikaguzi tena. Kazi hiyo inaweza kula siku nzima, na asiyeijua ataona mistari michache tu.

Swali gumu zaidi hulizua mmea wenyewe. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida kuileta Afrika Mashariki, na inasimuliwa kwamba 62 tu ndiyo iliyosalimika. Mkonge huo huzalishwa kwa vichipukizi, si kwa mbegu, hivyo mche hurithi vinasaba vya mama yake bila kuchanganya. Shamba lililotokana na mche mmoja lina mimea mingapi? Anayehesabu mavuno atasema maelfu. Anayechunguza vinasaba ana sababu ya kusema mmoja. Protégé inapokea jibu lolote kati ya hayo, kisha inalidai katika kila mstari unaofuata.