Mshindi ni Nani Katika Mchezo wa Kutunga Sheria?

Katika mchezo wa Nomic, uliotungwa na mwanafalsafa wa Marekani Peter Suber na kuchapishwa mwaka 1982, kucheza ni kubadili sheria za mchezo wenyewe. Mwenye zamu hupendekeza sheria iongezwe, ifutwe au irekebishwe. Wenzake hupiga kura. Kisha hurusha dadu na kujipatia pointi. Sheria za kuanzia ni 29, nazo zina njia mbili za kumpata mshindi.

Njia ya kwanza ni kufikisha pointi 100. Hii ni dhaifu kuliko ionekanavyo, kwa sababu idadi hiyo imo katika sheria iwezayo kurekebishwa, na baada ya mizunguko miwili ya zamu wingi wa kura hutosha. Tumfikirie mchezaji mwenye pointi 95. Wenzake wakiigeuza 100 kuwa 300, hana pa kushtaki.

Njia ya pili ndiyo yenye ubishi zaidi. Sheria zikigongana hata mchezo usiweze kuendelea, au isijulikane kama tendo ni halali au haramu, mchezaji wa kwanza kushindwa kukamilisha zamu yake ndiye mshindi. Wachezaji wetu wa bao watashangaa, kwani kwao asiye na la kucheza ndiye aliyefungwa! Wako wasemao kwamba kanuni hii huwatuza waharibifu. Hatukubaliani nao. Kuuona ufa katika sheria ambayo wote waliipitisha ni kazi ya akili, na dadu haina akili. Kasoro tuionayo ni nyingine: tuzo haimwendei aliyeuona ufa, bali humwendea yule ambaye zamu imemkuta hapo. Tena hakimu wa mgogoro ni mchezaji aliyetangulia zamu hiyo, naye ni mshindani kama wengine. Uamuzi wake hautenguliwi ila kwa kauli moja ya wenzake. Rafiki mmoja humtosha.

Mwalimu atakayeuchezesha darasani tungemshauri hivi. Katika zamu ya kwanza kabisa, kabla yeyote hajapata pointi, na ipendekezwe kuwa sheria ya pointi 100 ihamishwe miongoni mwa zile zisizorekebishwa. Kuihamisha kwahitaji kura ya wote, na kuirudisha vilevile. Hapo mwenye pointi 95 atakuwa na kura yake ya kukataa.